Picha za Mjini, Macho ya Shamba

Katika miaka ya sabini, mtu wa Jambiani aliyesema anakwenda mjini alikuwa anatangaza habari. Gari la shamba lilikuwa la mbao, abiria tukikaa tumetazamana magoti kwa magoti, juu ya paa kuku na mizigo ya kamba za makumbi, na njia ya Kitogani na Jozani ikitushusha Darajani tumekuwa weupe kwa vumbi. Siku hizi daladala ya 309 inapita kwenye lami, na kijana anaweza kwenda mjini kutafuta kipuri cha pikipiki akarudi kabla maji hayajajaa. Safari imefupika, lakini kile kilichotufanya sisi wasichana tuombe ruhusa wiki nzima, yaani sinema, hakipo tena.

Mimi nilikuwa na bahati ya shangazi. Alipata nyumba Kikwajuni, kwenye majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, nami nikakaa kwake nikisoma. Tulijua kuna Wajerumani wetu na Wajerumani wa wengine, na katikati yao ukuta. Shangazi hakuwahurumia. Bara letu lilikatwa vipande hukohuko Berlin, katika mkutano wa 1884 na 1885, na kwamba mji wenyewe ulikuja kukatwa baadaye, yeye aliona ni deni limelipwa. Alikuwa mtu wa hukumu za haraka.

Sinema yetu ilikuwa Majestic, pale Vuga. Wazee walilikumbuka jengo la kwanza la mahali hapo, Royal, la miaka ya ishirini, lililoungua na mahali pake pakajengwa Majestic mwaka 1955. Kulikuwa na Empire na Sultana pia, na kila ukumbi ulikuwa na watu wake waliokula kiapo kwamba ndio bora. Jumapili mji mzima ulivaa. Tiketi zikimalizika dirishani zilianza kuuzwa pembeni kwa bei nyingine, na wanaume wazima waligombana kwa ajili ya viti. Wanawake tulikuwa na maonesho yetu ya mchana, wanaume hawaruhusiwi, na humo ndimo nilimoingia kwa mara ya kwanza nimemshika shangazi buibui.

Humo ndani niliona jambo ambalo nje sikuliona. Mama wa Kihindi wa Mkunazini, mama wa Kingazija, mama wa Kiarabu kati ya wale waliobaki baada ya 1964, na sisi wa Ng'ambo na shamba, sote tuko safu moja tunalia kwa wakati mmoja. Kihindi hatukijui. Nyuma yetu alikuwapo mama aliyekijua, naye alituhadithia kwa sauti kubwa picha ikiendelea, akiongeza na ya kwake: huyu mama mkwe mbaya, mtamwona baadaye. Hakuna aliyemnyamazisha. Ilikuwa picha ya Bombay, inasimuliwa kwa Kiswahili cha Unguja, na mtoto wa Jambiani anaielewa yote.

Shangazi alikuwa mtu wa Awara. Aliiona ujanani mwake, katika miaka ya hamsini, na mpaka anakufa aliamini kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kutembea kama Raj Kapoor. Mimi nilikuja na Bobby, ya Raj Kapoor huyohuyo, ya mwaka 1973: kijana wa tajiri anampenda binti wa mvuvi, dini zao mbalimbali, wazee wamekasirika pande zote mbili. Binti wa mvuvi! Baba yangu alikuwa na ngalawa na madema, mikono imechubuka kwa chumvi, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa namna yetu anaweza kuwekwa katikati ya picha, watu wote wakamtazama. Nilirudi Kikwajuni nikitembea kwa miguu ya Dimple Kapadia.

Isiwe mtu akadhani nasifu zamani kwa kila kitu. Picha zile zilituonesha mapenzi yanavuka kabila na dini kwa ridhaa ya wawili, lakini mji ule ule, mwaka 1970, ulikuwa umeshuhudia wasichana wenye asili ya Iran wakiozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na maelezo yaliyotolewa ni kuchanganya makabila. Watu walilijua hilo, na walipokuwa wakilia mle gizani sidhani kama walikuwa wanamlilia Raj Kapoor peke yake. Ukumbi wa sinema ulikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu angeweza kulia hadharani asiulizwe sababu.

Shamba hatukuwa na ukumbi. Tulikuwa na gari la sinema la serikali, ambalo likija linakuja. Shuka jeupe linafungwa baina ya minazi miwili, injini inanguruma, wazee wanakaa mbele kwenye majamvi na sisi watoto tunakaa upande wa nyuma wa shuka, tunaiona picha kinyume, kila mtu anakula kwa mkono wa kushoto. Kwanza tulioneshwa mbu na malaria, kisha viongozi wakizindua vitu, kisha, tukivumilia, kichekesho. Ami yangu mmoja alikuwa akisema kwamba Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu, aliwahi kuwa mcheza sinema, na kijiji kizima kilimcheka. Alikuwa anasema kweli. Kawawa alikuwa nyota wa Muhogo Mchungu, picha ya Kiswahili iliyotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Basi waziri alikuwa steringi, na sisi hatukuiona hata picha yake moja.

Miaka ya themanini ilileta deki. Biashara ilipofunguliwa, vitu vilianza kuja kutoka Dubai na Maskati, na wale waliokimbia baada ya Mapinduzi wakapata njia ya kurudi kwa namna yao: kwa kanda. Jirani wa shangazi alikuwa na dada Oman aliyeondoka akiwa mwari. Siku moja ikaletwa kanda ya harusi ya mtoto wa yule dada. Sebule ilijaa mpaka kwenye ngazi. Saa nzima tuliangalia watu tusiowajua wakila wali, kamera ikipita meza kwa meza, na kila uso mmoja ulikuwa na mtu pale sebuleni wa kuutaja: huyu ndiye fulani, amenenepa; huyu pua ya babu yake. Bibi mmoja aliinuka akaenda kukigusa kioo. Katika picha zote nilizoziona maishani mwangu, pamoja na hizo za kushinda tuzo, sijaona iliyofanya kazi kubwa kuliko ile kanda mbovu yenye mistari. Mpaka ambao serikali mbili hazikuwa zimeuondoa, uliondolewa na mpiga picha wa harusi.

Baadaye kideo kikafika Jambiani, jenereta nje, mabenchi ndani. Hapo nilikuwa nimesharudi, nimeolewa, nina shamba la mwani kama wanawake wenzangu, kwa kuwa mwani wa kuuza ulianza upande wetu wa mashariki mwishoni mwa miaka ya themanini. Kideo kilikuwa cha vijana na kiliwafundisha mambo mawili: kwamba steringi hafi, na kwamba Mmarekani, Mchina na Mnigeria wote wanaongea kwa sauti ya Lufufu. Huyu Lufufu wa Dar es Salaam alizitafsiri picha za kila nchi, akitia utani na vichekesho vyake, na nilipomsikia mara ya kwanza nilimkumbuka yule mama wa Majestic aliyetuhadithia. Kazi ilikuwa ile ile, ila huyu alilipwa. Umeme wa kisiwa ulipokatika kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kideo chenye jenereta ndicho kilikuwa mwanga wa mtaa, na hata wazee waliokipinga walisogea kuchaji simu.

Zikaja na picha za bara, za mwigizaji Kanumba na wenzake. Wanigeria walituzoesha, kisha Kanumba akaenda kuigiza nao katika Dar 2 Lagos, na wasichana wa hapa wakawa wanajua mitaa ya Sinza kuliko ya Vuga. Alipofariki Aprili 2012, binti wa jirani yangu alilia kama aliyefiwa na kaka. Kanumba alikuwa Mkristo wa Shinyanga. Mwezi uliofuata mjini kulikuwa na ghasia, watu wanabishana juu ya Muungano kwa mawe na moshi, na binti yule bado ana picha ya marehemu ukutani. Wanasiasa wanaujua mpaka mmoja tu, ule wa bandarini.

Tamasha la Nchi za Jahazi, ZIFF, lilianza 1998 kule Ngome Kongwe, na wazo lake nililipenda tangu jina. Badala ya ramani ya Wazungu walichukua ramani ya pepo za kaskazi na kusi: Uhindi, Ghuba, Somalia, Komoro, Madagaska, sisi katikati. Na hawakubaki Ngome tu. Kulikuwa na miaka walibeba skrini mpaka vijijini, Unguja na Pemba, na shuka jeupe likarudi baina ya minazi. Yalikuwa maonesho mazuri, na sijui kwa nini tuliyachukulia kama mvua, kwamba yatakuja tu.

Sasa tazama tulipo. Majestic kwa miaka mingi ilisimama bila paa, kunguru ndio waliokuwa wenye viti. Kila mtu ana skrini mkononi. Mwaka 2011 Wachina walitafsiri tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake kwa Kiswahili, ikaoneshwa TBC, na mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam mwaka 2013 akaitaja kwenye hotuba. Nilifurahi, kwa sababu mama mkwe wa Beijing na mama mkwe wa Jambiani wanagombana kwa maneno yale yale. Leo Waturuki wanaongea Kiswahili kwenye king'amuzi kila jioni, wajukuu wangu wanajua habari za masultani wa Istanbul, na za sultani aliyekaa Beit al-Ajaib hawana. Lugha imevuka kila ukuta. Lakini mmoja yuko chumbani na bando lake, mwingine barazani na lake, na mimi naangalia yangu jikoni. Nyumba moja ina mipaka mitatu.

Na picha zetu wenyewe zipo, tena nzuri. Amil Shivji alipochukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, akaitengeneza hapahapa Unguja, nilitamani shangazi angekuwa hai. Yasmin, msichana wa Kihindi, anamkimbia mume mzee, anampenda Denge, mpigania uhuru mweusi, katika Zanzibar ya miaka ya hamsini. Hiyo ndiyo Bobby yetu, na mitaa ni ya Mkunazini, si ya Bombay. Ilioneshwa kwanza Toronto, 2021. Mwaka uliofuata ikapelekwa kugombea Oscar kwa niaba ya Tanzania, ya kwanza tangu Maangamizi ya 2001. Mimi niliiona kwenye kompyuta ya mtoto wa kaka yangu, kwa mikato mitatu kwa sababu ya chaji, peke yangu. Pale Yasmin anapoondoka kwa mumewe niligeuka kumtafuta mtu wa kumwambia "umeona?" Hakukuwa na mtu.

Tena filamu ya Dar es Salaam bado ina bodi yake ya kuipitisha huko, na hapa tuna Baraza letu la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, kwa kuwa utamaduni si jambo la Muungano. Mturuki anaingia chumbani kwa wajukuu zangu bila kubisha hodi. Mtanzania wa ng'ambo ya maji ana milango miwili ya kubisha.

Wanaokuja bila taabu ni wageni. Ufuo wetu umejaa Wapolandi, watu ambao wakati wa ujana wangu walikuwa upande ule ule wa ukuta na Wajerumani wa shangazi, hawatoki. Vijana wa hapa wanawasalimia kwa Kipolandi. Na wageni hawa, na wengine kutoka kila nchi, wanakuja na kamera. Tumepigwa picha sana, sisi wanawake wa mwani na wale wanaofuga sponji baharini. Tumeulizwa juu ya bahari kuwa moto, juu ya bei, juu ya waume zetu. Tumerudia kuingia majini kwa sababu jua halikukaa vizuri. Kisha gari linaondoka, na sisi tunasikia kwamba tumeoneshwa mahali. Zamani tuliona picha za watu wote duniani isipokuwa zetu. Sasa zetu zimetengenezwa, na bado wanaoziona ni watu wote duniani isipokuwa sisi. Kati ya hizo mbili, ya pili inauma zaidi.

Basi nyinyi wenye kamera, wa Unguja, wa bara na wa Ulaya, na nyinyi wa matamasha na mabaraza, hatuombi Majestic ijengwe Jambiani. Mkimaliza kutupiga picha, rudini na shuka, mashine na spika. Njooni wakati wa maji mafu, maana kwenye bamvua tunakuwa baharini na jioni tumechoka. Mwambieni sheha siku mbili kabla, na majamvi tutatandika wenyewe.