Simu ya Promota

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baridi. Hadi saa nne ukungu haujainuka hapa Kiwira. Mpwa wangu kaja akitoka sokoni kupakia ndizi kwenye Fuso. Promota kampigia: pambano nje ya nchi, wiki mbili zijazo, bondia aliyepangwa kaumia. "Mjomba, naomba baraka zako." Nimemwambia asubiri.

Anamtaja bondia Mwakinyo. Naye aliitwa dakika za mwisho, Birmingham, Septemba 2018, aje apigwe na Sam Eggington. Akamaliza kazi raundi ya pili. Kweli tupu. Ila waliofuata simu kama hiyo wakarudi na nyuso zilizovimba, nani anawataja?

Jumatano, 11 Juni
Usiku nimefungua vitabu vyangu vya seminari, habari za magladieta wa Roma. Watumwa na mateka nawaelewa. Spartacus alitoroka Capua mwaka 73 K.K., nami ningetoroka. Wanaonisumbua ni watu huru waliojiuza wenyewe. Walikula kiapo kukubali kuunguzwa, kufungwa, kupigwa, kuuawa kwa upanga. Umma uliandika majina yao ukutani Pompeii, kisha sheria ikawaweka kundi moja na makahaba.

Mwanasheria Gaius ameeleza mkataba wa kutoa magladieta: atakayetoka mzima, denari 20, atakayekufa au kulemaa, denari 1,000. Fedha ilikwenda kwa mwenye gladieta. Hata hivyo, jeraha lilikuwa na bei, na mtu fulani alilazimika kuilipa.

Jumamosi, 14 Juni
Mkataba kaja nao kwenye simu. Malipo yamo, tiketi imo, uzito umo. Kuhusu kuumia, mstari mmoja tu: anapigana kwa hiari yake.

Nikamkumbusha bondia Hassan Mgaya, aliyepigwa KO Dar es Salaam Desemba 2024, akafariki. Akasema anajua. "Mjomba, hata Fuso za ndizi zinaanguka Igawilo." Sikuweza kumbishia; hiari yake ina njaa ndani, na mimi sina kazi ya kumpa.

Nimempa masharti: apimwe kichwa, bima iandikwe, Kamisheni ya ngumi itoe kibali, na kwenye kona asimame mtu wetu mwenye ruhusa ya kurusha taulo. Likikosekana moja, haendi.

"Wakikubali yote?"

"Nenda na baraka zangu. Ila video usinitumie."