Barua kwa Mpwa Wangu Aliyetoka

Mitwero, Lindi

Mpwa wangu,

Nimesikia umetoka kwenye lile kundi na watoto, na mumeo amebaki. Nami nilitoka katika kundi la namna hiyo kabla hujazaliwa, kwa hiyo ninayokuandikia nimeyapitia.

Hofu haitoki siku unayotoka wewe. Mtoto akipata homa utadhani ni laana waliyokutamkia. Malaria ya pwani hii haiulizi mtu anasali wapi. Mpeleke hospitali ya Sokoine akapimwe.

Sisi tulikatazwa kwenda msibani kwa asiyekuwa mwenzetu. Mama yangu mdogo alipofariki, majirani walichimba kaburi, wakapika, wakakesha, nasi tumefungiwa ibadani, mlangoni kumesimama mtu. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa wafiwa. Walinitandikia jamvi, wakanipa pole, na hakuna aliyenihoji. Rudi kwa ndugu, mpwa wangu, hata kama mliachana kwa maneno makali. Usingoje kuitwa.

Watu wakikwambia umekuza mambo, wakumbushe Kanungu kule Uganda, tarehe 17 Machi 2000: mamia waliteketea kanisani, watu waliokwisha kuuza mali zao, na hata kuzungumza walizuiwa, wakawa wanaelewana kwa ishara. Na kule Shakahola, Kilifi, Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwamo. Waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikuwa amekwishawakataza shule na hospitali. Viongozi wa namna hii hawaanzi na kifo. Wanaanza kwa kukutenga na ndugu, kisha mali, kisha wanakufikia mwilini.

Mungu usimwache kwa sababu yao. Ila usikimbilie kiongozi mwingine wa kukuamulia. Ukipata pa kusali, tazama kama unaweza kuuliza swali ukajibiwa, kukosa wiki mbili bila kutishwa, na kujua sadaka inakwenda wapi. Wakikasirika kwa hayo, ondoka.

Mumeo usimtukanie kiongozi wake; atazidi kumng'ang'ania. Mpelekee habari za watoto tu, nani kaota jino, nani anaumwa. Ajue kwamba siku akitaka kutoka ana pa kufikia.

Na huyo mtoto wako mkubwa aliyekatazwa shule, Januari isimpite. Mwandikishe, hata akikaa darasa moja na wadogo zake. Sare nitanunua mimi.

Mjomba wako