Herufi Kubwa katika Majina ya Wanafunzi

Wanachuo huniuliza mara kwa mara kwa nini nashikilia sana jambo dogo kama herufi kubwa. Nitajibu kwa kazi niliyopewa katika shule moja ya msingi. Orodha ya wanafunzi katika kompyuta ya shule ilikuwa imepigwa kwa herufi kubwa tupu, nami nikatakiwa kuigeuza iwe katika maandishi ya kawaida.

Ungedhani ni kazi ya dakika moja. Kwa kompyuta kila herufi ni namba: A ni 65, a ni 97, na tofauti hiyo ya 32 haibadiliki mpaka Z. Kupata Juma kutoka JUMA ni kujumlisha tu. Isitoshe, programu ya Excel ina amri iitwayo PROPER, ambayo huanza kila neno kwa herufi kubwa na kuzifanya ndogo zilizobaki.

Tatizo ni kwamba amri hiyo hudhani neno jipya limeanza kila inapokutana na alama isiyo herufi. NG'WANDU likawa Ng'Wandu. Mtaa wa Chang'ombe ukawa Chang'Ombe. Kanuni hii huwafaa Waayalandi wenye majina kama O'Brien. Sisi tufundishao darasa la kwanza twajua kwamba ng' ni sauti moja, na kile kialama ni sehemu yake.

Maneno madogo nayo yaliponzwa. Sayyid Said bin Sultan angetoka “Bin”, Daniel arap Moi “Arap”, na Ngũgĩ wa Thiong'o angeharibiwa mara mbili. Kibaya zaidi, yapo majina ambayo familia moja huyaandika hivi na nyingine vile. Herufi kubwa tupu zimekwisha kuifuta tofauti hiyo, wala hakuna kanuni ya kuirudisha. Basi nilichapa orodha, nikaipeleka darasani, kila mtoto akaandika jina lake kwa mkono wake, na penye shaka tukawauliza wazazi. Ilichukua siku kadhaa. Jina lililosajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba ndilo litakaloonekana katika vyeti vya mtoto, na kulisahihisha baadaye ni usumbufu mkubwa kwa mzazi.

Kwa hiyo, mwanachuo, utakapofundisha herufi kubwa usianze na majina ya miji. Anza na rejista yako mwenyewe, na mtoto mwenye ng' katika jina lake umwite ubaoni wa kwanza.