Majivu ya Kratos

Mpira ndio unaolipa kodi ya chumba changu cha michezo ya video hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Vijana wawili wanashika maneti za kuchezea, wanaweka faranga mezani, dakika zinakwisha, wengine wanaingia. Lakini kazi ninayoitolea ushuhuda ni ile ya jioni, wateja wa mpira wakipungua: kusimulia michezo yenye hadithi. Wahusika wanasema Kiingereza, maandishi ya chini ni Kifaransa, nayo yanapita upesi kuliko jicho la mtoto wa darasa la tano. Basi nasimama nyuma ya anayecheza na kusema kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na mahali ambapo tusi au kilio kinadai ukali zaidi natia Kinande. Anayeshika maneti ni mmoja; wanaosikiliza wanajaa mpaka mlangoni.

Wengi wao si wazaliwa wa hapa. Walikuja na wazazi wao kutoka Oicha, Mbau na Eringeti, pande za Beni ambako tangu Oktoba 2014 familia nzima zimekuwa zikichinjwa. Wengine walitoka Beni mjini, baada ya washambuliaji kuingia hadi mitaani Septemba 2018, wakati Ebola nayo ilikuwa imekwisha kutangazwa kule Mangina. Hao ndio wasikilizaji wangu, na jinsi wanavyopima hadithi imenifundisha kuliko mchezo wowote niliowahi kuumaliza.

Wanaanza kuipima kwenye kifo. Katika Tekken, mzee Heihachi Mishima anamtupa mwanawe Kazuya ndani ya volkano. Kazuya anarudi. Katika Tekken 7 zamu inageuka: mwana anamshinda baba na kumtupa kwenye uji wa moto. Siku tuliyofika hapo chumba kilikuwa kimya, maana yule mzee walikuwa wamemjua tangu Tekken 3, ile ya mashine za zamani ambazo kaka zao walichezea. Kisha 2024, baada ya Tekken 8 kutoka, Heihachi akarudi mzima, akauzwa kama mhusika wa nyongeza. Mashine ya kuchezea Tekken 8 hatuna. Tuliona picha zake kwenye simu. Msichana mmoja akasema, “Yaya, kumbe tulimhurumia bure.”

Neno lile sikulichukulia kama la mtoto. Mji huu unajua maana ya kuzika. Ebola ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, na Butembo na Katwa zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia sana. Familia ziligombana na timu za mazishi kwa sababu zilitaka kuona uso wa mtu wao kabla ya udongo, wengine wakiamini jeneza ni tupu. Ilibidi iletwe mifuko yenye sehemu inayoonyesha ndani, ili ndugu amwone marehemu na kukubali. Mtoto aliyemwona baba yake mdogo akisimama kaburini kudai haki hiyo hawezi kumheshimu mwandishi anayefufua watu kwa sababu wateja wanawapenda. Mwandishi huyo amempokonya kitu: lile kubali gumu ambalo msikilizaji alikwisha kulitoa.

Michezo mingi, ikihisi hadithi imelegea, inaongeza ukubwa. Kijiji hakitoshi, inakuwa nchi. Nchi haitoshi, inakuwa wakati wenyewe. Mortal Kombat ya 2011 ilirudisha hadithi nyuma kwa ujumbe ambao Raiden anajipelekea zamani. Ile ya 2019 ilimaliza kwa Liu Kang kuanzisha wakati upya, na ya 2023 ikaanzia ndani ya ulimwengu huo mpya, waliokufa wakiwa hai na waovu wakiwa bado hawajatenda neno. Nikisimulia mambo hayo, wasikilizaji wanaanza kuongea mambo yao. Dunia nzima haina mlango wa kugonga. Hawajui nani atalala njaa ikipotea, nani atabaki na watoto. Mhusika mwenye mke mmoja, nyumba moja na shamba moja la mihogo anawashika kuliko sayari kumi.

Na kwenye kufufua huko ndipo mwovu anayegeuka kuwa mwema anapoharibika mikononi mwa waandishi. Ikiwa waliokufa wanarudi, alichokosea ni nini? Anasema samahani kwa nani, ikiwa hakuna aliyepungua?

Kosa hilo halipo kwa Kratos wa God of War, mchezo wa 2005 unaochezwa hapa mpaka leo kwenye PlayStation 2 zilizochoka. Kratos ni muuaji. Ni askari wa Sparta aliyejitoa kwa Ares, mungu wa vita, akawa anachoma vijiji kwa jina lake. Usiku mmoja anaingia hekaluni akiua kila aliyemo, na fahamu zikimrudia anaona waliolala chini ni mkewe Lysandra na binti yao Calliope. Majivu yao yanaganda kwenye ngozi yake. Weupe ule wa mwili wake ndio huo. Anaitumikia miungu miaka kumi ili imwondolee ndoto mbaya, na mwishoni inampa jibu ambalo nililisimulia polepole kuliko yote: dhambi zake zimesamehewa, lakini kumbukumbu hakuna atakayemwondolea. Wasikilizaji wangu, hata wale wagumu ambao hawamsamehei mtu, walimkubali Kratos bila kumpenda. Kila anapoingia kwenye kioo, mke na mtoto wake wamo.

Waandishi waliomchukua baadaye walilinda jambo hilo. Katika mchezo wa 2018 Kratos ni mzee, ana mwana, Atreus, katika nchi za baridi. Anamuua Baldur ili kumwokoa Freya, mama mzazi wa Baldur huyo huyo, na Freya hamshukuru, anaapa kumlipiza. Ragnarök ya 2022 inaanza Freya akiwa bado anawawinda. Upatanisho wao unakuja kwa kuchelewa, kwa masharti, huku jina la Baldur likiwa bado linachoma. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mtoto wake akalale alisimama nyuma yangu, akasikiliza, akasema, “Huyu mwanamke ana haki.” Akakaa mpaka mwisho wa sehemu ile.

Lakini hadithi iliyotushika zaidi ni ya Arthur Morgan, katika Red Dead Redemption 2 ya 2018. Arthur ni jambazi wa Marekani mwaka 1899, na moja ya kazi zake ni kudai madeni. Anakwenda kwa mkulima maskini, Thomas Downes, anampiga mbele ya mkewe na mtoto wake, na yule mgonjwa anamkoholea damu usoni. Downes anakufa. Saa nyingi za mchezo baadaye Arthur anaanza kukohoa: ni kifua kikuu, kutoka kinywa cha mtu aliyempiga kwa ajili ya deni dogo. Watoto walinidai nimpeleke hospitali. Kwetu kifua kikuu wanakijua, jirani amemeza dawa miezi sita na amepona. Ilinibidi nieleze kwamba dawa ya kwanza ya kweli, streptomisini, iligunduliwa 1943. Walihesabu miaka kwa vidole, wakanyamaza. Hakuna njia ya kucheza mchezo ule ambayo Arthur anapona.

Kabla ya kufa anakutana na mjane, Edith Downes. Mumewe akiwa udongoni, amelazimika kuuza mwili wake, na kijana wake anafanya kazi katika mji wa machimbo ya makaa. Arthur anataka kusaidia, mwanamke anamfukuza. Hata kichwa cha sehemu hiyo ya mchezo kinamwonya asitafute ondoleo. Mwishoni anawaachia pesa waondoke pale waanze maisha, na hapati la zaidi. Nimeisimulia sehemu hii mara nyingi kwa kuombwa, na wanaoiomba zaidi ni wasichana. Wanamtaka Edith, Arthur kwao ni sababu tu ya kumsikia.

Kuna kijana anayekaa karibu na ukuta, aliyetoka porini, kwenye moja ya makundi ya silaha ya Mai-Mai. Serikali iliunda mpango wa P-DDRCS mwaka 2021 ili kuwapokonya wapiganaji silaha na kuwarudisha katika jamii, lakini wengi wanarudi bila karatasi, usiku, kwa mama zao. Yeye hachezi. Baada ya sehemu ya mjane aliniuliza kama Edith alizichukua zile pesa. Nikasema alizichukua. Akauliza, “Alimwangalia?” Sikumpa jibu la haraka, niliirudia sehemu ile kesho yake, na safari hii nilisimulia macho ya Edith pia: wakati gani yako kwa Arthur, wakati gani yako kwa mwanawe. Tangu hapo nasimulia hivyo kila mara.

Nasikia wazazi wakisema hadithi za waovu wanaogeuka zinawafundisha watoto kusamehe upesi watu ambao hata kaburi la waliowaua hawajalionyesha. Hofu hiyo naiheshimu, na ndiyo sababu ninabishana na vijana wachache wanaoniletea michezo yao, wanayoiandika kwenye simu na kompyuta za mtumba. Karibu wote wana mkuu wa kundi la silaha ambaye mwishoni anajitia mbele ya risasi ili shujaa apone, kisha muziki. Njia hiyo ni ya zamani. Darth Vader alikufa hivyo 1983 katika filamu ya Return of the Jedi. Naikataa kwa sababu kifo kile kinamwondoa mkosaji mahali penye kazi. Hatakaa mtaa mmoja na wale aliowaulia ndugu zao. Hatapanga foleni nao kwenye bomba la maji.

Mmoja wa vijana hao ameuandika mchezo wake upya. Sasa mkuu wake wa kundi hafi: anarudi Beni, anapanga chumba, na duka la karibu ni la mama ambaye kijana wake alipotea mikononi mwa kundi lile. Anakwenda kununua chumvi. Hapo ndipo tumekwama. Mwandishi anataka mchezaji achague kama mama auze au asiuze. Mimi nataka pale maneti yasifanye kazi: mchezaji aliyemleta yule mtu mpaka dukani asimame naye, ashike pesa mkononi, na uamuzi uwe wa mama, hata kama atachukua muda gani kuutoa.