Mkuu akiondoka, nani ana neno la siri?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Tulikuwa na msiba, tulimzika babu huko Kikuyu. Na hayo ninayoandika leo yalinijia hapo hapo mazishini.

Kila jioni nikitoka kazini mjini napanda matatu ya Kangemi. Tukifika Westlands, kwenye Barabara ya Waiyaki, tunapita Safaricom House. Nikiliona jengo lile huwa nakumbuka Jumatatu moja, tarehe 1 Julai 2019.

Siku hiyo tulipata habari kwamba Bob Collymore, Afisa Mkuu Mtendaji wa Safaricom, amefariki. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Nilishtuka kama Wakenya wengine. Mchana nikala kibandani, nikalipa kwa M-Pesa, ujumbe ukaingia kama kawaida. Wakati ule sikuona ajabu yoyote.

Turudi nyuma kidogo. Michael Joseph alianza kuiongoza kampuni hii mwaka 2000, wateja wakiwa hawafiki 20,000. Alipomwachia Collymore Novemba 2010, walikuwa zaidi ya milioni 16, na M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilikuwa imeshazoeleka hadi vijijini.

Collymore naye alikwenda nje kutibiwa mwaka 2017, akarudi 2018. Mei 2019 mkataba wake uliongezwa mwaka mmoja. Alipofariki, mrithi alikuwa hajatangazwa. Kesho yake bodi ikamrudisha Michael Joseph ashikilie kwa muda. Oktoba akatangazwa Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kupewa kazi hiyo, na akaanza tarehe 1 Aprili 2020, wiki chache tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini. Hiyo ni miezi tisa ya kushikilia.

Sisi wa kompyuta tungesema walirudisha nakala ya akiba. Ni jambo jema kuwa nayo, lakini nakala ya akiba si mpango. Siku nyingine unaitafuta na haifunguki. Bahati yao Joseph alikuwa hai, alikuwa karibu, na alikubali.

Lakini tazama upande wa pili. Katika miezi yote tisa mama mboga aliendelea kulipwa. Kwa nini? Kwa sababu kazi ya kila siku haikukaa kichwani mwa mtu mmoja. Mfano mdogo ninaoujua vizuri ni Daraja, mfumo uliotolewa mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziweze kuzungumza na M-Pesa. Maelezo yake yaliandikwa yakawekwa wazi. Mimi, mwanafunzi nisiyemjua mtu yeyote ndani ya jengo lile, niliyasoma usiku mmoja na kesho yake programu yangu ikapokea malipo ya majaribio. Aliyeandika maelezo yale huenda aliondoka zamani. Hainihusu, maana alichokijua kilibaki.

Sasa nije kwangu, na hapa naona aibu kidogo.

Ofisi yetu iko mjini, ghorofa ya nne, na tuko watu sita. Nilipoajiriwa, programa aliyenitangulia alikuwa ameondoka bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Nilihangaika wiki tatu kuuelewa msimbo wake, nikimlaani kimoyomoyo. Halafu nikafanya vile vile! Mfumo wa kupokea karo za shule niliuandika peke yangu. Neno la siri la seva lilikuwa kichwani mwangu. Tulipoletewa kijana wa mafunzo, kila wiki nilisema nitamwonyesha wiki ijayo. Sikuwa na shughuli nyingi kiasi hicho. Niliogopa. Niliwaza, akijua ninachokijua, mimi nitabaki na kazi gani?

Tulimzika babu wiki ile shule zilipokuwa zinafunguliwa. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni pasta akiwa anaomba. Mara ya sita nikapokea. "Pole sana kwa msiba, kijana wangu," mkubwa akasema, "lakini risiti hazitoki na wazazi wamejaa shuleni." Cheti cha usalama cha seva kilikuwa kimeisha muda. Mimi tu ndiye niliyejua kukibadilisha. Nikasimama nyuma ya migomba, nikiandika amri kwenye simu, huku nasikia udongo ukimwagwa. Nilipomaliza, kaburi lilikuwa limejaa.

Kampuni yenye mamilioni ya wateja ilimpoteza mkuu wake na pesa hazikusimama. Sisi watu sita tulisimama kwa sababu nimekwenda kumzika babu yangu.

Tangu wiki hiyo nimeandika kurasa kumi na nne za maelezo. Ijumaa iliyopita yule kijana aliizima seva na kuiwasha tena bila kuniuliza chochote. Sitawadanganya, iliniuma kidogo. Mkataba wangu unaisha Desemba na sijui kama utaongezwa, maana sasa tuko wawili tunaojua. Lakini nyanya yangu bado yuko, na ana miaka 84. Akiniita, nataka niende na simu nikiwa nimeizima.

Je, wewe ukizima simu yako kesho, ni nini kitasimama kazini kwenu?