Kufuata Maji

Likizo yangu ya kwanza nje ya Afrika nililipa pesa nikatembee kando ya mtaro. Usinicheke. Madeira, kisiwa cha Ureno baharini Atlantiki, watu wengi hawaendei mchanga. Wanaendea milima, wakifuata levada, mifereji iliyoanza kujengwa karne ya 15 kutoa maji kaskazini kwenye mvua hadi mashamba makavu ya kusini.

Nilichagua njia ya Caldeirão Verde. Huku mfereji, huku korongo, katikati kinjia chembamba. Halafu mahandaki: giza totoro, tochi ya simu mkononi, matone yakiniingia shingoni.

Humo gizani nikamkumbuka babu. Kwetu Marakwet pia mifereji hushuka kutoka milimani hadi Bonde la Kerio. Ni mali ya koo, na kwa mila ni kazi ya wanaume. Nikiwa na miaka 9 nilimwomba anipeleke maji yanakoanzia. "Mjukuu wangu, huko wasichana hawaendi." Ndugu yangu mdogo akaenda. Mimi nikabaki na mtungi.

Mwisho wa njia kuna maporomoko ya karibu mita 100. Nikatumbukiza mkono majini. Baridi kali! Hakuna aliyenikataza.

Jioni nikamtumia babu video. Maporomoko hata hakuyataja. "Hayo mawe wameyapangaje?" Swali la ndugu yangu hilo, si langu. Nikamweleza, jiwe kwa jiwe.

Desemba naenda nyumbani. Safari hii siombi kupelekwa. Nitaulizia njia tu.