Nyimbo za mlimani Montserrat

Nimepotea kidogo, zamu za usiku zimenibana. Mama aliniuliza kwenye simu kama huku Barcelona watu huwa wanacheza kanisani. Zamani walicheza, Mama! Kwenye monasteri ya Montserrat kuna kitabu, Llibre Vermell, cha mwishoni mwa karne ya 14. Mahujaji waliokesha pale walitaka kuimba na kucheza, basi watawa, badala ya kuwakataza, wakawawekea nyimbo za heshima. Zimebaki 10, nyingine zina maelekezo kabisa kwamba zichezwe kwa duara. (Wanaozipiga siku hizi hutumia llaüt, ambayo jina lake limetoka kwa Waarabu kama la udi wetu wa taarab.)

Unaonishika ni wa mwisho, Ad mortem festinamus, yaani tunakimbilia mauti. Waimbaji hao walikuwa watoto na wajukuu wa walionusurika tauni ya 1348. Wodini kwetu mtu akifa tunavuta pazia, tunanong'ona, asubuhi kitanda kina mgonjwa mwingine. Baba alipofariki niliwasikia kwenye simu mkimwimbia hadi alfajiri, nami nimevaa sare, dawa za saa kumi zinanisubiri. Huu wimbo ndio nausikiliza kwenye treni nikitoka zamu. Mama, nakutumia nakala.